Samaki mpya kwenye tangi la matumbawe: tazama kwanza waliomo

Swali ninaloulizwa zaidi ni "samaki huyu na yule wataelewana?" Mimi huanzia kwingine: humo tangini nani ana pango lake, na nani anakula nini? Samaki wa miamba hawapigani ovyo. Hugombea shimo la kulala, chakula na mwenza, na mgeni anayeonewa zaidi ni yule anayefanana na mwenyeji kwa umbo, rangi au ulaji.

Chukua tangi la urefu wa sm 120, upana 40 na kimo 50: lita 240 kabla ya kuweka mawe. Ndani wamo Amphiprion ocellaris wawili, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, waliojitwalia pembe moja, na gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus, anayeishi shimo moja na kamba wake mchimbaji. Pembe na mchanga vimeshachukuliwa. Yamebaki mapango ya katikati na maji ya juu.

Mapangoni ningemweka Gramma loreto, zambarau mbele, manjano nyuma. Hukua hadi sm 8 hivi na hagusi matumbawe. Maji ya juu yanamfaa Nemateleotris magnifica, ila akishtuka huruka, kwa hiyo funika tangi lote kwa wavu wa matundu ya milimita 6, hata pale mabomba yanapopita. Wengi husahau hapo, na samaki hupita hapo hapo.

Usiongeze Amphiprion wa tatu, hata wa spishi nyingine kama A. allardi wa pwani yetu. Katika jamii hii mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye dume lake. Jozi ikishakamilika, wa tatu hana nafasi, na ndani ya vioo vinne hana pa kukimbilia.

Kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni, Acanthurus leucosternon, anapatikana pwani ya Kenya na Tanzania, na uzuri wake huwaponza wanunuzi. Hupita sm 20, huogelea kutwa, hushambulia kangaja wenzake na hushikwa haraka na ugonjwa wa madoa meupe. Tangi la sm 120 halimtoshi. Nisingemweka chini ya sm 180. Vitatange wengi wa jenasi Chaetodon hudonoa polipu, vile viumbe vidogo laini vinavyounda matumbawe, na vikande wengi hula kamba. Synchiropus splendidus, yule samaki mandarini mwenye rangi nyingi, hana ugomvi na spishi nyingine, lakini hula vijidudu hai vya kwenye mawe siku nzima. Kwenye tangi changa hukonda taratibu hadi afe, huku mwenye tangi akidhani samaki anakula.

Anza na wapole, umalizie na wakali. Dascyllus trimaculatus, yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, huuzwa akiwa mdogo na mzuri. Akikua hulitawala tangi, na kumtoa hukulazimu kuhamisha mawe yote. Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, akitangulia huwasumbua wote wanaomfuata. Kama ni lazima uwe naye, awe wa mwisho.

Dukani omba samaki alishwe mbele yako. Asiyekula, anayepumua haraka au mwenye tumbo lililobonyea, mwache. Ukimnunua, mpeleke karantini, yaani tangi la peke yake, kwa wiki 4 hadi 6. Madoa meupe ya Cryptocaryon, kimelea cha ugonjwa nilioutaja, hufanana na punje za chumvi, na baada ya siku chache huondoka yenyewe. Hapo hajapona: kimelea kimejiangusha chini kuzaliana, kisha kitarudi kwa wingi. Dawa ya shaba itumike karantini tu, kwa kipimo cha mtengenezaji, ukiipima kila siku. Kwenye tangi kuu huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huifyonza.

Samaki aliyesafiri saa nyingi asitoneshewe maji ya tangi kwa muda mrefu mfuko aliosafiri nao ukiwa wazi. Ukiufungua, kaboni dayoksaidi hutoka, pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) hupanda, na amonia iliyokusanyika mfukoni hugeuka kuwa sumu kali. Elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, pima chumvi, rekebisha chumvi ya tangi la karantini ilingane na ya mfuko, kisha mhamishe mara moja. Maji ya mfuko mwaga.

Karantini ikiisha, mtie mgeni ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, kikiwa ndani ya tangi kuu, siku 3 hadi 5. Mwenyeji atakigonga kisanduku siku ya kwanza. Akichoka na mgeni akila vizuri, mwachilie taa zikizimwa, baada ya kuwalisha wote. Mwenyeji asipoacha, hamisha mawe machache ili mipaka yake ivurugike. Ukimkuta mgeni amejibana pembe ya juu karibu na pampu, mapezi yamechanika, mrudishe kisandukuni siku hiyo hiyo.