Mshipi Mnene Haukuletei Samaki Mkubwa

Limerudi tena lile swali, safari hii pamoja na picha: rodi ya mita 4.2, rili nzuri tu, na spuli, yaani kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, iliyojazwa nailoni ya paundi 80. Mwenyewe anavulia kwenye majabali ya Mama Ngina, Mombasa, anauliza mbona chubwi lake, ule uzito wa kuzamisha ndoana, haliendi mbali, na kama anunue rodi ndefu zaidi. Hapana, rodi asinunue. Autoe ule mshipi.

Imani yenyewe inajulikana: samaki mkubwa ana nguvu, basi mshipi uwe na nguvu kumshinda. Kwa mvuvi wa mkono ina maana, kwa sababu mshipi mwembamba unakata viganja na hakuna kitu kati ya mkono na samaki. Ukishika rodi na rili, kati yako na samaki pameingia breki ya rili, inayouachia mshipi utoke samaki akivuta kupita kiwango ulichoipangia, na hapo hesabu yote inageuka. Ajabu ni kwamba watu hulipa pesa nyingi kununua breki, kisha wakaifunga kabisa wakaanza kuvua kana kwamba haipo.

Tufanye hesabu mara moja, maana nimechoka kuirudia kwa mdomo. Paundi 80 ni kama kilo 36. Breki hupangwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo theluthi yake ni kilo 12. Weka kitako cha rodi nyongani, mkono wa juu ukiwa sentimita 80 kutoka kitakoni. Rodi ikipinda, ncha yake hubaki kama mita 2.8 mbele ya kitako. Samaki akivuta kilo 12 nchani, mkono wako wa juu unabeba zaidi ya kilo 40. Umesimama juu ya jabali lenye ukoga, na chini kuna mawimbi ya kusi. Hakuna anayevua hivyo. Kwa rodi ndefu, breki ya kilo 3 peke yake inaupa ule mkono zaidi ya kilo 10, na baada ya robo saa utaomba akupokee mwenzio. Rodi ndefu ni wenzo, na kwenye mpambano wenzo huo uko upande wa samaki.

Kwa hiyo nguvu ya paundi 80 huitumii hata siku moja. Gharama yake, lakini, unailipa kila ukirusha. Rili nyingi za ukubwa wa 6000 au 8000 huandikwa ubavuni kiasi cha mshipi zinachobeba, mfano 0.35/300, yaani mita 300 za mshipi wa milimita 0.35. Unene ukiongezeka, urefu unapungua kwa mraba wake. Milimita 0.40 zitaingia mita 230 hivi. Milimita 0.50 zitaingia chini ya 150. Nailoni ya paundi 80 huwa karibu milimita 0.9, na hiyo haifiki hata mita 50. Kolekole wa maana akigeuka kuelekea mkondoni, mita 50 anazimaliza kabla hujakaza miguu. Tena mshipi mnene hutoka kwenye spuli kwa miviringo migumu, unasugua pete za rodi, unashika upepo, na ukifika majini mkondo unausukuma mpaka chubwi linaburuzika hadi mwambani. Ndiyo sababu linaanguka karibu, na ndiyo sababu linanasa.

Mshipi mkuu wa rodi ya mikono miwili hapa kwetu uwe nailoni ya milimita 0.38 hadi 0.45. Basi. Ni paundi 20 hadi 25 hivi, kutegemea mtengenezaji. Soma milimita, paundi usizitegemee sana, kwa sababu mishipi miwili ya unene mmoja inaweza kuandikwa nguvu tofauti kabisa, na wa bei ya chini ndio mara nyingi hujisifu zaidi. Ukitaka uhakika, funga kipande kwenye mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, kiloweshe, uvute taratibu mpaka kikatike. Kukilowesha ni lazima, maana nailoni hunywa maji na hupoteza sehemu ya nguvu yake ikilowa. Na kikikatikia fundoni, ulichopima ni fundo lako.

Sasa breki, ambayo ndiyo kiini cha yote. Usiipime kwa kuvuta mshipi kwa vidole pale rilini na kusema "hapa sawa". Pitisha mshipi kwenye pete zote, mwenzio ainue rodi kama digrii 45, wewe funga ncha kwenye ile mizani na uvute ukirudi nyuma. Kwa mshipi wa kilo 9 au 10, breki iachie kwenye kilo 2.5 hadi 3. Angalia namna inavyoachia. Ikishika kwanza, kisha ikaruka ghafla, sahani zake zimekauka au zimeingia chumvi, na ule mshtuko wa mwanzo ndio unaokata mishipi. Breki laini ya kilo 5 inafaa kuliko yenye kukwama iliyoandikwa kilo 15 kwenye boksi.

Kisha kuna kosa linaloniudhi kuliko yote: samaki akikimbia, mtu anakaza breki. Inaonekana ni akili, lakini ni kinyume. Breki inashika mhimili wa spuli, na mshipi unavuta kutoka ukingo wa mzingo uliobaki. Mshipi ukitoka, mzingo unakuwa mdogo na nguvu ya kuuvuta inapanda yenyewe. Spuli iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 70, ukiipanga kilo 3, ikishuka hadi milimita 50 inahitaji kilo 4.2 kabla ya kuachia, nawe hujagusa kitu. Ongeza mshipi wa mita mia na zaidi ulioko majini, uliojipinda kama upinde kwa mkondo wa Likoni, nao unaburuzwa na samaki yule yule. Ongeza msuguano wa pete kwa kuwa rodi umeinyanyua juu. Mshipi wa kilo 9 sasa uko karibu na mwisho wake, halafu wewe unakaza! Samaki akienda mbali, legeza kidogo na uishushe rodi ielekee upande wake. Akisimama, ndipo uirudishe. Ukihitaji nguvu ya ghafla kumzuia asiingie pangoni, bana ukingo wa spuli kwa kiganja, kwa sababu kiganja unakiondoa mara moja na kitufe huwezi.

Najua hoja itakayofuata: matumbawe. Hii ni hoja ya kweli na inanifanya nisite. Tewa akishaingia shimoni, au changu akipita nyuma ya ukingo wa mwamba, milimita 0.40 inasagika haraka. Vitabu husema "mlazimishe mapema", lakini kwa breki ya kilo 3 tewa mzito halazimishwi na mtu, na wapo utakaowapoteza. Jibu nililonalo ni unene mahali unapohitajika tu, yaani kwenye lida. Mshipi mkuu mwembamba, mbele yake mita 8 au 9 za nailoni ya paundi 50 hadi 60, milimita 0.70 hivi. Lida hiyo inakufaa mara mbili, kwani ndiyo inayobeba mshtuko wa kurusha. Kanuni ni paundi 10 za lida kwa kila aunsi 1 ya chubwi, na aunsi ni gramu 28. Chubwi la gramu 140 linataka paundi 50. Ukilirusha kwa nguvu kwenye mshipi wa paundi 20 bila lida, mshipi utakatika hewani, na pale Mama Ngina siku ya Jumapili watu wamejaa na watoto wao. Kwenye hili sina mjadala na mtu.

Urefu wa lida nao una sababu: chubwi likining'inia tayari kurushwa, lida iwe bado imezunguka spuli mara tano au sita. Fundo la kuunganisha lilowe mate kabla ya kulikaza, likatwe ncha karibu, na unapokunja mshipi liache lilale upande wa chini wa spuli ili lisikuchane kidole wakati wa kurusha.

Palipo na mwamba mwingi, chubwi lifungwe kwa kipande dhaifu cha paundi 10, likinasa likatike hilo pekee na ndoana na samaki virudi. Tahadhari: kipande hicho hakihimili kurusha. Chubwi litundikwe kwenye kishikizo cha waya kinachouacha uzito kwenye lida hewani na kulifungua linapogonga maji. Huna kishikizo, rusha taratibu. Plagi kuukuu za gari zinafaa sana kwa kazi hii, maana hazikuumi zikipotea.

Mshipi wa kusuka unasifiwa sana siku hizi, na sifa nyingi ni za haki. Wa nambari 3, kwa nambari za unene zinazoandikwa kwenye mishipi hiyo, ni milimita 0.285 tu na hubeba kuliko nailoni ya 0.40. Haunyumbuki, kwa hiyo samaki akigusa chambo mita 90 mbele unamsikia. Lakini ukisuguana na matumbawe ukiwa umekazwa unakatika papo hapo, unaelea, upepo wa kusi unautia tumbo, na unakata kidole kisichovaa kinga. Kwa kurusha chambo cha chini kwenye majabali bado nachagua nailoni. Kwa samaki bandia, au mlango wa bahari ambao chini yake ni mchanga, nachagua wa kusuka, nikitanguliza mizunguko michache ya nailoni chini ya spuli ili usiteleze. Kuhusu fluorokaboni kwenye lida kwa kuwa eti samaki haioni, sijashawishika kwamba bei yake inalipa, hasa masika hori ya Tudor ikiwa na maji rangi ya chai. Faida yake ya wazi ni kwamba hainywi maji na inazama haraka.

Rodi. Usianze na urefu, anza na uzito ulioandikwa juu ya kishikio. Rodi ya gramu 100 hadi 200 inataka mzigo wa katikati, na chambo ni mzigo. Chubwi la 120 na kipande cha samaki cha 80 tayari ni 200, umefika mwisho. Mzigo ukiwa mwepesi mno, rodi haipindi na hairushi. Dukani weka kitako kwapani, nyosha mkono, vidole vifike kwenye mguu wa rili. Visipofika, mikono itakaa mbali mno na hutaweza kuvuta. Maana rodi ya mikono miwili hurushwa kwa mkono wa chini: wa juu unasukuma, wa chini unavuta kitako kuja kifuani kwa kasi. Wanaosukuma tu ndio hao wanaodai rodi ndefu.

Mita 3.9 zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Kutoka hapo hadi 4.2 faida ni ndogo, na samaki wengi wa majabalini wanakula chini ya ukingo wenyewe, sio mbali. Angalia pia usafiri: rodi ya 4.2 ya vipande viwili ni fito za mita 2.1, na tuktuk haizimezi. Ya vipande vitatu ni mita 1.4. Zile za kuchomoza kama antena ziache, chumvi na mchanga vinaingia kwenye maungio. Kaboni ni nyepesi na kali lakini ikigongwa kwenye jabali hupata ufa usioonekana. Ya mchanganyiko na faiba inavumilia zaidi.

Na si kila mahali pa Mombasa panahitaji rodi hii. Mama Ngina na mlango wa Likoni, naam: kina, mkondo, na bamvua la zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Siku za bamvua utahitaji gramu 150 au zaidi ili chubwi likae, siku za maji mafu 90 zinatosha. Ndani ya Tudor au Mtwapa mikono miwili ni mateso ya bure. Chukua mita 2.7, rili ya 4000, nailoni ya 0.30. Upande wa Nyali na Bamburi fahamu kwanza mipaka ya hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1986, maana ndani ya eneo lake la ulinzi kamili hakuna kuvua kwa chochote. Kwa mzia na nguru, wenye meno, ongeza sentimita 15 hadi 20 za waya mbele ya lida.

Rili ijaze mpaka ibaki milimita 2 kufika ukingoni. Ukirudi nyumbani kaza breki ili maji yasiingie kwenye sahani, uimwagie maji baridi kwa kata, taratibu, bila mpira wenye presha, kisha uifute na uilegeze breki kabisa kabla ya kuiweka. Maji yawe matamu kweli. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na kuosha rili kwa maji hayo ni kuirudisha baharini. Mshipi wenyewe, kila ukimaliza kuvua pitisha mita 20 za mwanzo katikati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, kata zote hadi ulipo ulaini. Spuli ikipungua kwa kukatwa namna hiyo, utoe wote, uugeuze, na ule uliokuwa chini bila kuona jua uanze kazi mbele.