Kwaresima si siku 40 za kununa

Moshi na Arusha, kila Kwaresima, kipindi cha kujiandaa kwa Pasaka, hurudi kauli ileile: ni siku 40 mfululizo za kushinda njaa na kukunja uso. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, sivyo.

Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ondoa Dominika (Jumapili) 6, zinabaki 40. Dominika ni siku ya Ufufuko, hata katikati ya Kwaresima, haifungwi.

Kufunga kwa lazima ni siku 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 hadi anapotimiza 59. Unakula mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, ambavyo vikijumlishwa havifikii ule mkubwa. Mgonjwa halazimiki, na mwenye kisukari anayejikaza hadi kuanguka kanisani hajaongeza utakatifu wowote. Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14, huachwa nyama. Hapa mtori ndio huwaponza watu, maana hupikwa na nyama. Kiburu cha ndizi na maharage hakina tatizo, wala samaki, mayai na maziwa.

Furaha nayo imepangiwa siku yake. Dominika ya 4 padri anaweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau, maua hurudi altareni na kinanda hupigwa. Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, husomwa Yohana 9, kipofu aliyepata kuona. Parokia yenye wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa Mkesha wa Pasaka inaweza kuisoma Injili hiyo mwaka wowote.