Buibui wa utando wa dhahabu: maswali ya afya kutoka Nairobi

Je, buibui huyu mkubwa aliyetanda kwenye ua wetu anaweza kumuua mtu?

Hapana. Buibui wa utando wa dhahabu, ambaye wanasayansi humweka katika jenasi ya Trichonephila, ana sumu ya kuwalemaza wadudu anaowanasa, kama walivyo nayo karibu buibui wote, lakini sumu hiyo haimdhuru sana binadamu. Anayetutisha ni jike, anayekaa kichwa chini katikati ya utando unaong'aa manjano juani. Dume ni mdogo mno, hata ni rahisi kumdhania mdudu aliyenaswa.

Akiniuma, nifanye nini?

Ni nadra aume asipobanwa au kushikwa. Maumivu, wekundu na uvimbe mdogo kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, kisha uweke kitambaa chenye maji baridi. Usichanje wala usinyonye jeraha. Wahi hospitali ukipumua kwa shida, midomo ikivimba, au misuli ikikakamaa na maumivu yakisambaa mwilini, kwa sababu huenda aliyekuuma ni buibui mwingine, yule mdogo wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni, ambaye hupenda kujificha chini ya viti vya plastiki na vyungu vya maua.

Nimeamka na malengelenge shingoni. Je, ni buibui aliyenikojolea?

Lawama hii tunaisikia sana msimu wa mvua, na mara nyingi buibui anasingiziwa. Mshukiwa wa kwanza ni Nairobi fly, mbawakawa mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi, ambaye huvutwa na taa usiku. Haumi wala hakojoi. Ila ukimponda kwenye ngozi, mwili wake hutoa sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja au mbili hutokea mstari mwekundu unaowaka, kisha malengelenge. Akitua mwilini, mpulize aondoke. Ukishamponda, osha ngozi kwa sabuni mara moja na usiguse macho kabla ya kunawa mikono, kisha ufue shuka. Jicho likiathirika, muone daktari. Vilevile, malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja tu wa mwili yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, ambao dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72, na hapo ndipo kumlaumu buibui kunapomchelewesha mgonjwa.

Naweza kuziba jeraha kwa utando wake?

Tafadhali usifanye hivyo. Utando wa nje hushika vumbi, mabaki ya wadudu na vijidudu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na umuulize mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

Je, nimuue?

Hakuna haja, kwa kuwa chakula chake ni nzi na wadudu wengine warukao. Akitanda mlangoni, ukusanye utando kwa fimbo ndefu na umhamishie kwenye kichaka, mbali na njia ya watoto.