Kusomewa na kusoma: kompyuta inamfanyia nini mwanafunzi?

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu: "Mtoto yule siku hizi anasoma. Tumempa kompyuta yenye sauti." Nikamuuliza anasomaje. Akanieleza kuwa mtoto anabonyeza, kompyuta inatamka, naye anasikiliza hadithi mpaka mwisho. Nilifurahi kusikia hivyo. Ila mtoto huyo amesomewa, bado hajasoma.

Teknolojia ya kusaidia usomaji, kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, ni kifaa au programu ya kompyuta inayomwezesha kuyafikia maandishi au kujifunza kuyasoma. Na ulemavu wa akili ni hali inayoanza mtu akiwa angali anakua, ambapo uwezo wa kufikiri na kujifunza, pamoja na stadi za maisha ya kila siku, huwa chini sana kuliko wa wenzake. Usichanganywe na ugonjwa wa akili, wala na disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno usiotokana na ulemavu wa akili. Maana ni hiyo tu. Ninachotaka tukitazame ni hilo neno "au", kwa sababu watu wengi hulipita kama halipo.

Kosa linaanzia kwenye kitenzi chetu wenyewe. "Kusoma" ni kutambua maandishi, na papo hapo ni kupata elimu. Ukiambiwa mtoto "anasoma darasa la tatu", hujaambiwa kama anaweza kuimaliza sentensi moja peke yake. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa minyambuliko inayotenganisha mambo vizuri kabisa: kusomewa, kusomeka, kusomesha. Kila kimoja ni kazi tofauti ya kompyuta.

Kusomewa ni kazi ya programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Mwaka 1976 mvumbuzi Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha hadharani mashine yake ya kusoma, na aliwalenga watu wasioona. Kwao lugha ipo tayari, kilichokosekana ni njia ya kuyafikia maandishi. Kwa mwenye ulemavu wa akili mambo ni mawili kwa pamoja. Watafiti wa usomaji Gough na Tunmer waliliweka hivi mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, wala si kujumlisha, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sauti ya kompyuta inaziba pengo la kutambua maneno. Sentensi ndefu yenye maneno mageni ikitamkwa kwa ufasaha bado ni sentensi ndefu yenye maneno mageni.

Hapo ndipo kusomeka kunapoingia: kufupisha sentensi, kukuza herufi, kuweka nafasi kati ya mistari, kuambatisha picha inayoeleza neno lile lile. Kompyuta hulifanya hili kwa urahisi, na bado halitajwi mara nyingi.

Kusomesha ni jambo jingine kabisa, na ndilo ninalohofia linapotea. Programu ya kusomesha humwonyesha mtoto "ki", "ta", "bu", humtaka aziunganishe, humjibu papo hapo, na iko tayari kurudia mara hamsini bila kubadilisha sauti wala kukunja uso. Wanafunzi hawa huhitaji marudio mengi kuliko wenzao, basi uvumilivu huo ni hazina. Kwa miaka mingi wengi wao walifundishwa kukariri maneno mazima tu, yale ya kwenye vibao vya hatari na milango ya vyoo, kwa dhana kwamba silabi na sauti za herufi zingewashinda. Utafiti wa Jill Allor na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuata watoto wenye uwezo mdogo wa akili kwa miaka kadhaa. Waliofundishwa kwa mpangilio, sauti za herufi zikiwemo, walisonga mbele kuliko wenzao. Ilichukua muda mrefu, na hilo tusilifiche.

Ndiyo maana neno moja linaniumiza hivi. Tukiandika kwamba mtoto "anasoma" wakati anasomewa, hakuna atakayeona haja ya kumfundisha. Hata ile programu inayowasha rangi kwenye kila neno linapotamkwa haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa macho ya mtoto yanaweza kuwa dirishani huku rangi ikipita.

Mwalimu yule sikumwambia aizime kompyuta. Kusomewa ni haki ya mtoto, na kunampa hadithi asizoweza kuzifikia leo. Nilimwomba tu abadilishe sentensi moja kwenye taarifa anayompelekea mzazi: "Anasomewa na anaifuata hadithi vizuri." Kisha, kila siku, azime sauti kwa mstari mmoja mfupi, akae pembeni yake, amsikilize.