Tanini Haianikwi Ikaisha

Juzi tena. Mfugaji ananipigia kwa furaha: "Daktari, kaliandra nimeianika siku tatu, tanini imekwisha. Sasa nimpe ng'ombe kadiri atakavyo?"

Imekwisha imekwenda wapi, jamani? Kaliandra ni mti wa malisho, majani yake yana protini nyingi; tanini ni ile kemikali ya ukakasi iliyomo ndani yake.

Tafuna bibo lisiloiva. Ule ukakasi ni tanini ikishikana na protini za mate yako. Ndani ya rumeni, tumbo la kwanza la ng'ombe, penye pH (kipimo cha asidi) ya 6 hadi 7, tanini inashikana vivyo hivyo na protini ya jani, na bakteria wanashindwa kuivunja iwe amonia. Katika tumbo la nne, penye asidi kali, pH ikishuka chini ya 3.5, tanini inaachia protini hiyo. Hayo mnayajua, tupite.

Sasa kuanika. Jani likinyauka seli zinapasuka, na tanini iliyokuwa imefungiwa peke yake inakutana na protini na nyuzi za jani lenyewe. Inang'ang'ania hapo hapo. Maabara ikisuuza sampuli kwa asetoni inapata ile iliyo huru tu. Iliyoganda inabaki kwenye masalia, na wengi hawajisumbui kuipima. Ripoti inasema "imepungua", mfugaji anasikia "imekwisha". Ni kuhesabu wageni kwa kuchungulia sebuleni, na wengine wamelala vyumbani!

Majaribio ya Embu, Kenya, ya miaka ya 1990, yaliyoonyesha kuwa kilo 3 za kaliandra zinaziba pengo la kilo 1 ya chakula cha dukani, yalitumia majani mabichi. Mabichi. (Na lusina, mti mwingine wa malisho, msiniletee hapa: tatizo lake kubwa ni sumu ya mimosini, kesi nyingine kabisa.)

Kuhusu kuanika kwenyewe, matokeo yanapingana: kuna ng'ombe waliokula vizuri zaidi, kuna waliosusa. Na lile la "inaachia" nililolipitia mbio, kwa kaliandra silisemi kwa kifua mbele. Tanini yake ni kaidi. Sehemu ya protini inapita matumbo yote manne na kutokea kwenye kinyesi, badala ya nitrojeni kupotelea kwenye mkojo. Mahindi yako yatanenepa kwa samadi hiyo. Ndoo ya maziwa nayo ijae? Pengine. Ndiyo maana nasema isizidi theluthi ya mlo, sehemu iliyobaki iwe majani ya napia.

Nikamuuliza anakata wapi. Kumbe ua wa boma, hatua kumi kutoka horini. Nikamwambia lile turubai la kuanikia akafunikie kuni.