Hotspoti ya redio na waifai: tunayoambiana, na yaliyo kweli

Wanaredio wa ridhaa wa Nairobi hawako wengi, lakini karibu kila mwenye hotspoti ya kidijitali, ile kompyuta ndogo ya bodi moja iliyobebeshwa ubao wa redio uitwao MMDVM, inayounganisha redio yako ya mkononi na wenzako wa mbali kupitia intaneti, ataijua siku hii: jana alizungumza na watu wa ng'ambo, leo kifaa kimenyamaza. Akiuliza wenzake anajibiwa upesi, "Waifai hiyo. Andika kadi upya." Yaani ifute kadi ya SD yenye programu ya hotspoti, uipakie upya. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema na humla mtu jioni nzima bure. Kutoka mdomoni mwako hadi kwa msikilizaji wa mbali pana redio ya mkononi, ubao wa MMDVM, umeme, waifai, ruta, intaneti na seva, na chochote kati ya hivyo kikikatika dalili hufanana. Ndiyo sababu natamani tungeacha kukisia. Kwanza tujue ni wapi pamekatika, kisha ndipo tuguse.

"Weka antena ndefu zaidi, waifai itashika."

Antena inayochomoza nje ya kasha haina uhusiano wowote na waifai. Ni ya ubao wa MMDVM, na kazi yake ni kuzungumza na redio yako ya mkononi kwenye bendi ya sentimita 70, kati ya MHz 430 na 440, kwa nguvu ya takriban mW 10 tu. Waifai ni redio nyingine kabisa, na antena yake huioni mpaka uonyeshwe: kwenye Raspberry Pi Zero W, mojawapo ya kompyuta hizo za bodi moja, ni umbo dogo la pembetatu lililochorwa kwenye ubao wenyewe, kati ya tundu la HDMI na tundu la USB. Ukinunua antena ya nje yenye urefu wa mkono, hiyo ya ndani inabaki vilevile.

Kinachoidhuru hasa ni kasha. Makasha ya alumini yanapendeza na yanapoza kifaa, lakini chuma mbele ya antena ya waifai hupunguza mawimbi. Fungua kasha, washa kifaa kikiwa wazi, kisha toa amri ya `iwconfig wlan0` na usome nguvu ya mawimbi. Karibu na -60 dBm mambo ni mazuri. Ukikaribia -80 tarajia kukatika. Ukuta wa mawe na slabu ya zege ya fleti zetu vina mchango wao pia, kwa hiyo kusogeza hotspoti kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni kunaweza kufanya kazi ambayo antena yoyote ya madukani barabara ya Luthuli mjini haitaifanya.

"Simu yangu inashika waifai papo hapo, kwa hiyo hotspoti ndiyo mbovu."

Simu yako huenda iko kwenye GHz 5. Raspberry Pi Zero W ya 2017, Zero 2 W ya 2021, na hata Raspberry Pi 3B ya 2016 zina GHz 2.4 peke yake. Bendi hiyo ikiwa imezimwa kwenye ruta, Pi haioni chochote, hata ukiiweka juu ya ruta. Raspberry Pi 3B+ na 4 hushika bendi zote mbili.

Hapa ndipo hotspoti ya simu inapowachanganya wengi. Mtu anasafiri kwenda Naivasha, anawasha hotspoti ya simu, na Pi haiungi. Kwenye Android ingia katika mipangilio ya hotspoti uchague GHz 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizoifuata, ukurasa wa hotspoti una swichi ya kuongeza upatanifu, iwashe. Na ulitazame jina lenyewe la simu. Jina lenye alama ya ritifaa (’) iliyopinda, ambayo iPhone huiweka yenyewe, halifanani na lile uliloandika kwa kibodi ya kompyuta hata kama machoni yanalingana. Libadilishe liwe herufi tupu, bila nafasi wala alama.

Angalia pia usalama wa ruta. Ruta mpya nyingine huja zikiwa zimewekwa WPA3 pekee, na waifai ya ndani ya Pi hizi haielewani nayo vizuri. Rudisha WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

"Stima ikirudi, itajiunga yenyewe."

Hili ndilo ningependa kila mtu wa Nairobi alijue, kwa sababu stima hupotea na kurudi, na watu huamini kwamba kupotea huko kumeiunguza hotspoti yao.

Fuata mpangilio wa matukio. Stima imerudi. Pi inawaka na kuanza kutafuta waifai. Kile kifaa cha faiba ukutani na ruta yake bado vinajiamsha, na mara nyingi vinachukua dakika kadhaa. Pi inatafuta, haioni mtandao wowote inaoujua. Pi-Star, programu inayotumika kwenye hotspoti nyingi, husubiri kama dakika 2, kisha huamua kwamba imehamishwa mahali pageni. Inaanzisha waifai yake yenyewe iitwayo Pi-Star-Setup ili uingie uipe mtandao mpya. Ruta inaamka baadaye, kila simu ya nyumbani inaunga, lakini hotspoti imekaa pembeni na mtandao wake ikikusubiri.

Haijaharibika hata kidogo. Tazama orodha ya waifai kwenye simu: ukiona Pi-Star-Setup, una jibu lako. Zima hotspoti, subiri hadi intaneti irudi kwenye simu, kisha iwashe. Dawa ya kudumu ni kuiwekea ruta na kifaa cha faiba betri ndogo ya akiba, zile za volti 12 zinazouzwa madukani mjini, ili visizimike kabisa. Betri hiyo ukiipa Pi pekee bila ruta umefanya nusu ya kazi, japo umeilinda kadi ya SD, na hilo nalo si dogo.

"Chaja ni chaja."

Chaja ya simu hutengenezwa kwa ajili ya betri, na betri huvumilia volti zikiyumba. Pi haina betri. Inataka volti 5 zilizotulia, na Raspberry Pi 3 inashauriwa chaja ya ampea 2.5. Waifai inaporusha na ubao wa MMDVM unaporusha kwa wakati mmoja, umeme unaohitajika hupanda ghafla. Kebo nyembamba na ndefu hapo hupoteza volti njiani. Matokeo yake ni waifai inayokatika katikati ya mazungumzo, na mwenye kifaa anailaumu ruta.

Raspberry Pi 3 na 4 hukuambia zenyewe. Amri `vcgencmd get_throttled` ikijibu 0x0, umeme uko sawa tangu kifaa kiwake. Ikijibu 0x50000, volti zilishuka chini ya takriban 4.63 wakati fulani, hata kama sasa zimetulia. Lakini ukiwa na Zero W au Zero 2 W usiliamini jibu hilo, maana jamii ya Zero haina kipimo cha volti kwenye ubao, hivyo 0x0 yake haithibitishi kitu. Kwa Zero, kipimo chako ni chaja nzuri na kebo fupi nene.

Kuna jambo linalofanana na hili: kurusha kwa redio ya wati 5 ukiwa umeiinamia hotspoti. Shusha nguvu hadi ya chini kabisa na usogee mita chache. Hotspoti yenye mW 10 haihitaji upige kelele sikioni mwake.

"Dashibodi haifunguki, basi haijaingia waifai."

Dashibodi, yaani ukurasa wa kuisimamia hotspoti kwenye kivinjari, na waifai ni mambo mawili tofauti. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni unaozuia vifaa kuonana. Hotspoti ikiwa humo inapata intaneti na kufanya kazi, lakini simu yako hairuhusiwi kuiona. Isitoshe, anwani ya pi-star.local haifanyi kazi kwenye kila simu wala kila ruta. Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounga, chukua namba za IP za hotspoti, uziandike moja kwa moja kwenye kivinjari. Kwenye waifai ya mkahawa au hoteli inayotaka ubonyeze "nakubali" kwanza, hotspoti itaunga na kukwama hapo, kwa kuwa haina wa kuibonyezea.

"Nunua kifurushi cha kasi zaidi."

Piga hesabu kidogo. Sauti ya DMR, mojawapo ya mifumo ya redio ya kidijitali, husafiri kama pakiti moja kila milisekunde 60, na kila pakiti, pamoja na vichwa vyake vya mtandao, haifiki baiti 90. Hiyo ni kama MB 5 kwa saa nzima ya mazungumzo yasiyokoma. Bando dogo la simu linatosha. Kinachoumiza ni pakiti kupotea au kuchelewa, na kifurushi kikubwa hakiponyi hilo ikiwa tatizo ni waifai ya jirani kumi wanaogombania chaneli moja ya GHz 2.4. Ihamishe ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo na watu wachache. IP ya umma, yaani anwani ya mtandaoni iliyo yako peke yako, nayo si lazima kwa DMR: hotspoti ndiyo inayoanza kuita seva, hivyo inapita hata kwenye mitandao ya simu ambayo wateja wengi hutumia IP moja.

"Sauti inakatikakatika, ni waifai tu."

Dashibodi ya Pi-Star inakutenganishia. Kwa sauti inayotoka mtandaoni, tazama safu ya Loss, yaani asilimia ya pakiti zilizopotea njiani. Ikiwa juu, shughulika na waifai na intaneti. Kwa sauti inayotoka kwenye redio yako mwenyewe, tazama BER, kiwango cha makosa. Ikiwa Loss ni 0 na BER imepanda hadi asilimia kadhaa, achana na ruta kabisa: masafa ya ubao yamehama kidogo na yanahitaji kurekebishwa kwenye mpangilio wa offset, taratibu, hadi BER ishuke chini ya asilimia 1.

"Andika kadi upya."

Fanya hivyo kadi ikiwa imekufa kweli. Kabla ya hapo kumbuka kwamba faili la akiba la Pi-Star hubeba mipangilio ya waifai ndani yake. Ukiandika kadi upya kisha ukarudisha akiba ileile, umerudisha jina lililokosewa na nywila iliyokosewa pamoja nayo. Kadi mpya pia, usipopitia Pi-Star-Setup, inataka faili la mipangilio ya waifai, `wpa_supplicant.conf`, kwenye sehemu ya boot, na kompyuta za Windows hupenda kuliongezea .txt mwishoni bila kukuonyesha; likiwa hivyo Pi hailisomi. Ndani yake weka `country=KE`. Ukiacha US iliyonakiliwa kutoka mwongozo wa Marekani, Pi haitaona chaneli 12 na 13, na ikiwa ruta yako imejichagulia 13, utaandika kadi hiyo mpaka uchoke.