Mtoto wa mbwa mnene si lazima awe na afya: dhana potofu na ukweli

Mtoto wa mbwa akiwa mnono, kila anayemwona humbeba, humpapasa tumbo na kumsifu mwenye mbwa kwa matunzo mema. Sifa hizo huzaa mazoea, na mazoea hayo huwaumiza mbwa. Dhana ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kuiondoa, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Dhana: Unene wa utotoni ni afya, utaisha akikua.

Mafuta hayaondoki yenyewe. Mbwa aliyezoea kula kupita kiasi huingia ukubwani na mazoea yale yale, na mifupa ndiyo huumia kwanza. Kwenye ncha za mifupa ya mbwa anayekua kuna gegedu ambayo bado haijageuka mfupa mgumu. Uzito ukiongezeka haraka kuliko mifupa inavyokomaa, gegedu hiyo na viungo vya nyonga hubeba mzigo visioumudu. Mbwa wa aina kubwa, kama Labrador, German Shepherd na Great Dane, ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu hukua kwa kasi kubwa na kwa muda mrefu.

Watafiti nchini Marekani waliwachukua Labrador 48 na kuwapanga wawili wawili, kila jozi ikitoka kwa mama mmoja. Tangu wakiwa na wiki 8, mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, na hali ikawa hiyo maisha yao yote. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa nusu ya waliopunguziwa chakula walifikisha miaka 13. Kwa upande wa wenzao, nusu walikuwa wameshakufa walipotimiza miaka 11 na miezi michache. Maumivu ya viungo nayo yaliwachelewa wale wembamba. Karibu miaka miwili ya kuishi na mbwa wako, kwa sababu tu ya kiasi unachoweka kwenye bakuli! Sijui dawa inayoweza kushindana na hilo.

Dhana: Ukimpunguzia chakula atadumaa.

Kimo cha mbwa hutokana na wazazi wake. Akila kwa kadiri atafika pale pale, ila polepole, na huo ukuaji wa polepole ndio mifupa yake inaouhitaji. Kinachodumaza ni njaa ya kweli, maradhi, au chakula kisicho na virutubisho.

Lakini kupima chakula si kumfungisha. Watoto wa mbwa wa aina ndogo sana wakikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu hushuka, wakalegea na hata kuzimia. Gawa chakula cha siku katika milo minne hadi afikishe miezi mitatu, kisha milo mitatu hadi miezi sita, halafu milo miwili.

Dhana: Tumbo likiwa duara, ameshiba vizuri.

Tumbo la duara pamoja na mbavu zinazohesabika mara nyingi ni minyoo, ambayo watoto wengi huipata kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, au kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki 2 tu na kurudiwa mara kwa mara.

Basi liache tumbo, gusa mbavu. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, amekonda mno. Kunjua mkono, upapase mgongo wa kiganja karibu na vidole: mifupa unaisikia kwa urahisi, chini ya ngozi na nyama kidogo. Huyo yuko sawa. Geuza kiganja, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: ikibidi ubonyeze hivyo kuzipata mbavu, amezidi. Kisha msimamie kwa juu, kiuno kionekane kimeingia ndani nyuma ya mbavu. Manyoya marefu hudanganya macho, mkono haudanganywi.

Dhana: Aongezewe kalsiamu ili mifupa iwe imara.

Hili hufanywa kwa mapenzi, na madhara yake ni makubwa. Katika miezi ya mwanzo utumbo wa mtoto wa mbwa hauwezi kuikataa kalsiamu inayozidi, huifyonza tu. Ziada hiyo huvuruga namna gegedu inavyogeuka mfupa, na miguu inaweza kupinda. Chakula kamili cha mbwa wanaokua kina kalsiamu ya kutosha. Nyama tupu ina kasoro iliyo kinyume: kalsiamu yake ni ndogo mno. Anayempikia mbwa wake nyumbani apange mlo huo na daktari wa wanyama.

Dhana: Akinenepa, mkimbize.

Kumlazimisha mtoto wa mbwa kukimbia mwendo mrefu ni kuitwisha ile gegedu mzigo mwingine. Acha acheze kwa hiari yake na apumzike akichoka. Uzito hurekebishwa kwenye bakuli.

Dhana: Kipimo cha kwenye pakiti ndicho sahihi.

Hicho ni cha kuanzia tu, kwani mbwa wawili wa umri mmoja huweza kuhitaji viwango tofauti. Mbwa akihasiwa, mahitaji yake hushuka huku hamu ya kula ikipanda. Vitafunio navyo ni chakula, na visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Pima chakula kwa gramu, kwa sababu kikombe hujazwa tofauti kila mara. Kila baada ya wiki mbili panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Andika namba, gusa mbavu, ndipo uamue kuongeza au kupunguza kidogo.